Kutoka Kwenye Waya Hadi Kwenye Pampu: Kuipima Upya Filamu ya Blackhat

  

Nawashukuru waandaaji kwa kunialika, na zaidi kwa kuniachia nichague mada mwenyewe. Mwenyekiti aliponipigia kuuliza nitazungumzia nini, nikamjibu kwamba ni filamu ya Kimarekani iliyowatia hasara walioitengeneza, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole kama sina mada nyingine. Sina. Nashukuru kwamba alinivumilia.

Filamu hiyo ni Blackhat ya mwongozaji Michael Mann, iliyoingia kwenye kumbi za sinema za Marekani Januari 2015. Nimekuja kuitetea, ila sitadai kwamba ni kazi isiyo na dosari. Ninachodai ni kimoja: watazamaji waliitegemea iwe filamu ya kompyuta, Mann akawapa filamu ya pampu, maji, madini, karatasi na damu. Wakaona wamepunjwa. Kumbe mtu yule alikuwa ameuelewa uhalifu wa mtandaoni kuliko waliomcheka, kwamba huanza na mtu mwenye mwili na kuishia kwa mtu mwenye mwili, na waya uliopo katikati ni njia tu. Nitalieleza hilo kwa hoja tano, nitajibu mapingamizi ninayoyajua, kisha nitasema inatuhusu nini sisi tunaoandika na kutengeneza hadithi kwa Kiswahili.

Kwanza niwakumbushe kisa, maana najua wengi humu ndani hawajaitazama. Msione haya, mpo wengi duniani.

Mann ni mzaliwa wa Chicago, mwaka 1943. Wengi mnamfahamu kwa Heat ya 1995, iliyowakutanisha Al Pacino na Robert De Niro. Waliotazama Ali ya 2001 wanakumbuka Will Smith akikimbia mitaani Kinshasa, watoto wakimfuata. Mitaa ile ni ya Maputo. Kwa hiyo ni mwongozaji ambaye macho yake yamewahi kufika pande zetu.

Katika Blackhat, mtu asiyejulikana anapenya kwenye mfumo wa kinu cha nyuklia huko Hong Kong na kuziamuru pampu za kupoza zizunguke kupita kiasi, hadi zinapasuka na mtambo unalipuka. Muda si mrefu baadaye, soko la bidhaa la Chicago linavamiwa na bei ya soya inapaa. Ofisa wa jeshi la China, Chen Dawai, anayeigizwa na Wang Leehom, anagundua kwamba sehemu ya programu iliyotumika aliiandika yeye mwenyewe zamani akiwa chuoni Marekani, pamoja na mwanafunzi mwenzake Nicholas Hathaway. Hathaway, ambaye ni Chris Hemsworth, yuko gerezani akitumikia kifungo kirefu kwa udukuzi. Wamarekani wanakubali kumtoa kwa muda, bangili ya ufuatiliaji ikiwa kifundoni na askari nyuma yake. Anaungana na Dawai, na dada yake Dawai aitwaye Lien, mhandisi wa mitandao anayeigizwa na Tang Wei, na ofisa wa FBI, Carol Barrett, anayeigizwa na Viola Davis. Msako unaanzia Los Angeles, unapita Hong Kong na Malaysia, unaishia Jakarta.

Hicho ndicho kisa. Sasa hoja.

Hoja ya kwanza: hasara ya kibiashara haikuwa hukumu ya filamu

Filamu iligharimu takriban dola milioni 70. Mapato yake dunia nzima hayakufika milioni 20. Ilifunguliwa kwenye kumbi zaidi ya 2,500 Marekani, na ilipofika wiki ya tatu kumbi nyingi zikawa zimeshaiondoa. Huko Australia, nyumbani kwa Hemsworth, mpango wa kuionyesha kwenye sinema ulifutwa.

Ukitaka kujua kwa nini, anza na kalenda. Wikiendi ileile American Sniper ya Clint Eastwood ilisambazwa Marekani nzima na kukusanya zaidi ya dola milioni 80 kwa siku tatu. Atakayesimama mbele ya gari la namna hiyo atagongwa, awe mwema au mbaya.

Halafu kulikuwa na habari za siku. Novemba 2014, wiki chache kabla, wadukuzi walivamia kampuni ya Sony Pictures, wakamwaga hadharani barua pepe za wakubwa, mishahara ya wafanyakazi na filamu ambazo hazijatoka. Ungedhani jambo hilo lingeisaidia Blackhat. Naona liliiumiza. Watu walikuwa wametoka kuuona udukuzi kama umbea: nani kamsema nani, mwigizaji gani analipwa kiasi gani. Kisha inakuja filamu inayowaambia kwamba udukuzi ni suala la mitambo ya kupoza maji na bei ya soya. Hawakuwa na hamu ya somo hilo mwezi ule.

Na Mann hakuwa mgeni wa kupuuzwa. Manhunter yake ya 1986 haikufanya vizuri sokoni, na leo inahesabiwa miongoni mwa filamu muhimu za upelelezi za muongo ule. Miami Vice ya 2006 nayo ilipokewa kwa baridi, kisha ikapata watetezi mwaka hadi mwaka. Lakini safari hii adhabu ilikuwa kali: filamu yake iliyofuata, Ferrari, ilitoka 2023. Miaka minane bila filamu mpya kwa mzee wa rika lake si jambo dogo.

Hoja ya pili: Mann aliuona waya unapoishia

Filamu za udukuzi zilizotangulia zilikuwa na shida moja. WarGames ya 1983, Sneakers ya 1992, Hackers na The Net za 1995, Swordfish ya 2001: kila moja ilibidi imfanye mtu anayebonyeza herufi aonekane anafanya jambo la kusisimua. Wengine wakachora majumba ya rangirangi kwenye skrini, wengine wakampa mdukuzi sekunde sitini na bastola kichwani. (Tuliokulia kwenye mabanda ya video tunajua adha ya jambo hili. Ngumi inatafsirika, risasi inatafsirika, hata mapenzi yanatafsirika. Lakini yule bwana wa kipaza sauti, aliyetusimulia filamu kwa Kiswahili, angesema nini juu ya kijana aliyekaa mbele ya kompyuta anaandika?)

Mann alilitatua kwa kukiuliza kila kitu kimeunganishwa na nini. Mwanzoni mwa filamu kamera inashuka kutoka kwenye taa za dunia, inaingia ndani ya nyaya, inaingia ndani ya kompyuta, inazidi kuzama hadi kwenye vijia vidogo kuliko unywele, na mwanga unakimbia humo kama kundi linalotafuta njia. Kidole kinabonyeza kibodi, nasi tunakiona kwa chini, upande wa herufi zinakogota. Kisha tunatoka upande wa pili, kwenye chuma: mapanga ya pampu yanazunguka, yanapandisha kasi, yanapasuka.

Wako waliosema picha ile ni pambo. Mimi naiona kama sentensi yenye kitenzi na mtendwa. Kidole kimebonyeza huku, chuma kimevunjika kule.

Wala Mann hakukibuni kisa hicho hewani. Mwaka 2010 dunia ilifahamu kuhusu programu iliyopewa jina la Stuxnet, iliyolenga mitambo ya kurutubisha urani huko Natanz, Iran. Iliweza kusafiri kwa flashi hadi kwenye kompyuta zisizounganishwa na intaneti. Ikifika kwenye vifaa vidogo vinavyoongoza mitambo, ilibadilisha kasi ya mashinepewa, yaani mashine za kurutubisha urani zinazozunguka kwa kasi, huku ikiwaonyesha wahandisi kwenye skrini kwamba kila kitu kiko sawa. Inakadiriwa mashinepewa zipatazo 1,000 ziliharibika. Mann alisema wazi kwamba Stuxnet ndiyo iliyomwamsha. Miaka miwili baadaye, Agosti 2012, programu nyingine iitwayo Shamoon ilifuta kumbukumbu za kompyuta zapata 30,000 za kampuni ya mafuta ya Saudi Aramco.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Tarehe 23 Desemba 2015, miezi kumi na moja baada ya Blackhat kuchekwa, wadukuzi waliingia kwenye mifumo ya kampuni tatu za kusambaza umeme nchini Ukraine. Wafanyakazi wa zamu waliona kishale cha kipanya kinatembea chenyewe kwenye skrini, kinafungua swichi moja baada ya nyingine, nao hawawezi kukizuia. Wateja wapatao 225,000 walikosa umeme. Uliporudi baada ya saa chache, ulirudishwa na mafundi walioendesha magari kwenye baridi hadi kwenye vituo na kuwasha swichi kwa mikono yao.

Ningeomba mwangalie hiyo mikono. Kwa muda wa saa kadhaa usalama wa maelfu ya watu ulitegemea kwamba mitambo ilikuwa bado na sehemu ya kushika. Filamu iliyotuonyesha dunia ya namna hiyo mwezi Januari haistahili kuitwa ya ajabuajabu mwezi Desemba.

Hoja ya tatu: mlango ni mtu

Hapa ndipo ninapoipenda filamu hii kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo mtaniwia radhi nikikaa.

Timu ya Hathaway inahitaji programu ya siri ya shirika la ujasusi la mawasiliano la Marekani, NSA, inayoweza kuunganisha vipande vya data iliyoharibika. Wanaomba, wananyimwa. Katika filamu nyingine, hapo ndipo tungemwona kijana akiandika kwa kasi huku jasho likimtoka. Hathaway anaandika barua pepe moja. Inaonekana imetoka kwa bosi, inamwendea mkubwa mmoja wa shirika, na inamkumbusha abadilishe neno lake la siri. Imeambatishwa na waraka wa maelekezo kuhusu usalama wa maneno ya siri. Yule bwana, mtumishi mtiifu, anaufungua waraka. Programu iliyofichwa humo inaanza kunakili kila herufi anayobonyeza. Kisha anafanya alichoagizwa: anabadilisha neno lake la siri, na hapohapo analikabidhi.

Mwizi amepita kwenye utiifu wa mtu kwa mkubwa wake, na chambo chake ni onyo dhidi ya wizi.

Tukio la pili ni dogo zaidi. Lien anaingia kwenye jengo la benki akiwa amevaa vizuri, mkononi ana karatasi zilizolowa kahawa. Kahawa ameimwaga mwenyewe. Anamweleza mtu wa mapokezi kwamba ana kikao sasa hivi na nyaraka zake zimeharibika. Angeweza kumchapia nakala nyingine? Anatoa flashi. Mtu wa mapokezi anamhurumia, anaichomeka kwenye kompyuta ya benki. Basi. Yamekwisha. Kuta zote, kamera zote, na mabilioni yaliyotumika kununua mifumo ya ulinzi vimeshindwa na huruma ya mtu mmoja kwa mgeni mwenye haraka.

Kuna mtu hapa anayehitaji nimweleze hilo? Nani kati yetu hajapata ujumbe usemao “ile hela tuma kwenye namba hii”? Anayeuandika hajui kama unadaiwa na mtu. Anajua tu kwamba katika watu elfu wanaopokea, wapo wanaosubiriwa kodi na mwenye nyumba, wapo waliomuahidi mtoto ada, na mmoja wao atatuma. Wengine hupiga simu na kujifanya ni watoa huduma, wakamwongoza mama wa watu hatua kwa hatua hadi ataje namba yake ya siri mwenyewe. Hawajavunja mtambo wowote. Wamevunja mazoea yetu ya kuaminiana, na kwa ustadi uleule wa Hathaway.

Ushahidi mkubwa zaidi ulikuja Februari 2016. Wezi walioingia kwenye mfumo wa Benki Kuu ya Bangladesh walituma maagizo ya kuhamisha karibu dola bilioni moja kutoka kwenye akaunti yake iliyoko New York. Walifanikiwa kuondoka na dola milioni 81. Na walipita wapi? Kwenye barua pepe za mtu anayejifanya anatafuta kazi, aliyewaomba wafanyakazi wafungue wasifu wake. Ni nini kiliwapunguzia mavuno? Pamoja na mengine, kosa la tahajia: agizo la dola milioni 20 kwenda Sri Lanka lilitiliwa shaka kwa sababu neno moja la Kiingereza liliandikwa vibaya. Na ni nini kiliwachelewesha wenye mali kugundua? Printa iliyogoma, mwishoni mwa wiki. Ukimpelekea mtayarishaji wa filamu hadithi yenye printa iliyogoma, atakwambia haiaminiki.

Hoja ya nne: mhalifu huyu anafuata bei

Katika filamu nyingi mhalifu wa kompyuta anataka kuitawala dunia, au kuiangamiza, au kulipiza kisasi cha utotoni. Mhalifu wa Blackhat, aitwaye Sadak, hana hotuba ya namna hiyo. Ana hesabu.

Wapelelezi wanahangaika kwa muda mrefu kutafuta uhusiano kati ya kinu cha nyuklia na soya. Jibu linapatikana kwenye bonde moja huko Perak, Malaysia. Hathaway na Lien wamesimama wanatazama pampu, na pampu hizo ni za aina ileile iliyokuwa Hong Kong. Hapo wanaelewa. Wizi wa soya ulikuwa wa kutafuta mtaji. Kinu cha nyuklia, pamoja na maiti zake, kilikuwa jaribio la kuona kama mbinu inafanya kazi. Kusudi lenyewe ni kuachia maji yafunike machimbo ya bati, ili bei ya bati ipande duniani, wakati Sadak ameshanunua mikataba ya bati kwa bei ya chini.

Yaani watu wamekufa ili jambo fulani lihakikiwe kabla ya kuwekeza. Sijui filamu nyingi za miaka ile zilizothubutu kuweka ubaya mahali penye baridi kiasi hicho. Sadak hamchukii mtu yeyote Hong Kong, na hao wa Perak hata hawawazii. Anawaona kama mstari kwenye jedwali.

Uchumi huo sisi tunauelewa vizuri kuliko mtazamaji wa Los Angeles, maana tumekaa upande wa pili wa jedwali hilo. Mkulima wa korosho wa Mtwara na wa ufuta wa Lindi anajua maana ya bei kupangwa mahali ambapo mguu wake haujawahi kufika. Siku hizi minada ya mazao hayo nayo inaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, na kwa uwazi wake ni hatua nzuri. Lakini kila soko linapohamia kwenye waya, mtu wa aina ya Sadak huanza kufanya hesabu zake. Hilo si la kututisha tuache. Ni la kutufanya tulinde kabla ya kuibiwa.

Na fedha ikishaibwa kwenye waya, lazima itoke ionekane. Za Bangladesh ziliingia kwenye tawi la benki moja mjini Manila, zikapita kwenye meza za kamari, zikabebwa kama noti. Mwaka 2020 nchini Uganda, wadukuzi walipenya kwenye kampuni iliyounganisha mitandao ya simu na mabenki, kisha fedha zikatolewa kupitia laini nyingi za simu. Kila laini ilikuwa na mkono ulioishika na wakala aliyehesabu noti dirishani.

Hoja ya tano: kamera haiuachi mwili

Hoja hii ni ya kisanaa, na wanafunzi wa filamu nawaomba wasogee.

Tangu Thief ya 1981, Mann amekuwa mtu wa vifaa halisi. Katika filamu ile mwizi wa makasha ya fedha alitumia zana za kweli, na mwongozaji alishauriwa na mwizi wa kweli. Kwa Blackhat aliwaita washauri wa fani, akiwemo Kevin Poulsen, aliyewahi kufungwa kwa udukuzi kabla ya kuwa mwandishi wa habari anayeheshimika. Ndiyo maana maandishi unayoyaona kwenye skrini za filamu ile yana maana kwa anayejua kuyasoma.

Lakini uhalisi wa vifaa si lengo lake. Lengo ni kuonyesha kazi inavyomtengeneza mtu. Hathaway ni mfungwa, na mwili wake unajua hivyo. Kosa lake la gerezani linachekesha: alitumia simu kuwaongezea wenzake fedha za kununulia vitu kwenye duka la gereza, akaishia kufungiwa peke yake. Anapotoka na kufika kwenye uwanja wa ndege, kwenye eneo la wazi, anasimama. Kamera iko karibu na shingo yake. Mtu aliyezoea ukuta wa hatua chache anaangalia upeo ambao hauishii popote, na macho hayajui yatue wapi. Hakuna anayesema neno.

Carol Barrett ni mjane. Mumewe aliuawa kwenye mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Filamu inalitaja jambo hilo mara moja na kuendelea na safari. Halafu anapigwa risasi barabarani Hong Kong, anaanguka chali, na kitu cha mwisho anachokiona ni jengo refu limesimama juu yake usiku. Mann hafafanui, na wala hapigi muziki wa kutuliza. Mtazamaji aliyekuwa makini anapata pigo lake, asiye makini anapitwa. Viola Davis alifanya zaidi kwa jicho moja pale kuliko wengi kwa kurasa tatu za maneno.

Na mwisho, Jakarta. Hathaway ameshamnyang'anya Sadak fedha zake zote kwa kompyuta. Anaweza kwenda zake. Lakini watu wa Sadak wamemuua rafiki yake, Dawai, kwa hiyo anamvuta Sadak waonane ana kwa ana, katikati ya maandamano ya sherehe yenye watu maelfu na mienge. Amejifunga majarida mazito kiwiliwilini kwa utepe, yamkinge na visu. Silaha yake ni bisibisi alizozinoa. Mdukuzi hodari kuliko wote kwenye filamu anamaliza kesi yake kwa zana ya fundi wa mtaani na kurasa za majarida.

Watu walicheka tukio hilo. Mimi naona ndipo hoja nzima ya filamu inapofungwa. Watu hawa wawili wamepigana muda wote bila kuonana, kila mmoja akimpiga mwenzake kwa mbali, na sasa umbali umeondolewa. Sadak, aliyezoea watu kuwa mistari kwenye jedwali, amesimama mbele ya mmoja wao, anasikia pumzi yake.

Mapingamizi

Nisije nikaonekana wakili aliyelipwa. Yapo mapingamizi matatu ya haki.

La kwanza: Hemsworth. Wanasema mdukuzi hafanani na mungu wa radi aliyemwigiza katika filamu nyingine. Hilo halinisumbui, mfungwa anayefanya mazoezi ya viungo kila siku ni jambo la kawaida kuliko mdukuzi mwembamba wa miwani ambaye Hollywood imemkariri. Kinachonisumbua ni lafudhi yake, inayohama mtaa kila baada ya dakika chache.

La pili: mapenzi ya Hathaway na Lien yanawaka haraka mno. Nakubali. Wanakutana, wanakula pamoja, wamependana. Tang Wei anastahili mhusika mwenye muda zaidi wa kufikiri, hasa kwa vile Lien ni mhandisi na ndiye anayefanya kazi ile ya kahawa.

La tatu ni zito zaidi: hadithi inachanganya. Hapa kuna jambo la kujua. Mwaka 2016 Mann alionyesha mjini New York toleo alilolihariri upya, na toleo la mwongozaji hatimaye likatolewa kwenye diski mwaka 2023. Ndani yake wizi wa soya unatangulia, na mlipuko wa nyuklia unasogezwa hadi katikati. Badiliko hilo moja linaunyoosha mtiririko: kwanza wizi wa fedha, ambao serikali mbili zinaweza kuujadili kwa adabu, kisha vifo, na adabu inakwisha. Toleo la sinema linaanza na kishindo halafu linashuka kwenye bei ya mazao, na mtazamaji anajiuliza kwa nini tumetoka kwenye nyuklia tukaja kwenye maharage. Anayetaka kuitazama kwa mara ya kwanza nampendekezea toleo la mwongozaji.

Mbele yetu

Mwaka huohuo Blackhat ilipotoka, 2015, Tanzania ilipata Sheria ya Makosa ya Mtandao, na Kenya ikafuata na yake mwaka 2018. Tumebishana sana kuhusu sheria hizo, hasa pale zinapogusa uhuru wa kusema, na mabishano hayo ni ya lazima. Lakini sheria peke yake haimfanyi raia aelewe namna anavyoibiwa. Hadithi inaweza.

Na sisi hatuanzi sifuri. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alichapisha Simu ya Kifo, riwaya ya upelelezi ambayo jina lake tu linatukumbusha kwamba waya ulishaingia kwenye fasihi yetu zamani. Muhammed Said Abdulla alikuwa ameshatupa Bwana Msa, Elvis Musiba akaja na Willy Gamba, Ben Mtobwa na Joram Kiango. Hawa wote walimweka mpelelezi wao mahali ambapo fedha na siri za wakati wao zilipita. Za wakati wetu zinapita kwenye simu iliyo mfukoni mwa kila mmoja hapa.

Kwa hiyo nawaachia waandishi na watengenezaji filamu mapendekezo matatu. Msijenge hadithi ya udukuzi kwenye skrini; jengeni kwenye dirisha la wakala, kwenye chumba cha zamu cha mtambo wa umeme, kwenye ghala la korosho, maana huko ndiko inakoumiza, na wala hakuhitaji bajeti ya dola milioni 70. Mkae na wanaoijua kazi: mafundi, wapelelezi wa makosa ya mtandao, mahakimu, na hata waliowahi kutumikia vifungo vyao, kama Mann alivyokaa na Poulsen. Na mhalifu wenu mumpe hesabu kabla ya kumpa hasira. Mtazamaji wetu ameshaibiwa vya kutosha kujua kwamba mwizi wake hakumchukia.

Kwa wenye mabenki na kampuni za simu nina ombi moja. Semina zenu za usalama zina michoro mingi. Siku moja zimeni projekta ya michoro, waonyesheni watu wa mapokezi yale matukio mawili, la barua pepe na la kahawa, kisha muwaulize wangefanya nini. Majibu mtakayopata yatawafundisha mengi zaidi kuhusu ofisi zenu kuliko ripoti ya mshauri yeyote.

Mwenyekiti ameniahidi kwamba ukumbi huu utaonyesha toleo la mwongozaji kabla mwaka haujaisha. Njooni, na mje na vijana wanaotaka kuandika. Nitafurahi zaidi siku tutakapokaa hapa kupima filamu ya kwetu yenye mada hii, iwe imepata faida au hasara.

 Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali, na naona mkono wa yule ndugu wa benki umekuwa juu tangu hoja ya tatu.